Diploma Yenye Plastiki Haipokelewi

Tangazo lile niliandika mimi. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie huruma kabla hajasikia yote. Niliandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nene nyeusi, kwa sababu printa ya ofisi ilikuwa imeishiwa wino, na pia kwa sababu najivunia mwandiko wangu. Masista walionifundisha Butembo walinichapa vidole mpaka herufi zikanyooka. Nikaandika: "Diploma yenye plastiki haipokelewi." Chini yake nikapiga mistari miwili kwa rula. Nikalibandika kwenye ubao wa matangazo, mkono wa kushoto wa dirisha langu, mahali ambapo hata asiyetaka kuliona angeliona.

Nilikuwa karani wa usajili kwenye fakulte moja ya udaktari pale Goma. Kazi yangu ilikuwa kupokea dosie za vijana waliotaka kusomea udaktari: fomu, picha, hati ya kuzaliwa, matokeo ya shule, na juu ya yote diploma ya Serikali, ile halisi, si fotokopi. Nilizipokea, nikazikagua, nikazipanga. Ndani ya dosie nyingi nilikuta pia vijibarua ambavyo havikuombwa na mtu. Mkubwa fulani anamsalimu mkuu wa fakulte na anamkumbusha kwamba mleta dosie ni mtoto wa dada yake. Mfanyabiashara fulani anakumbusha kwamba simenti ya ukuta wetu ilitoka kwake. Mimi na vijibarua hatukupikika chungu kimoja. Nilikuwa navitoa kimoja kimoja na kuvitupa kwenye droo ya chini, pamoja na majani ya chai, na huko vilibaki mpaka mwaka mwingine.

Nilikuwa mkali. Wanafunzi walinipa majina ambayo sitayaandika hapa. Lakini niliamini kitu kimoja kwa moyo wangu wote, kwamba mtoto asiye na mjomba mkubwa hana mtetezi ila utaratibu. Ukiulegeza kidogo kwa huruma, anayepita kwenye ule upenyo si maskini. Maskini atakuwa bado anapiga hodi, mwenye gari ameshaingia na kukaa.

Tangazo la plastiki lilitokana na jambo la kweli. Diploma zetu zina muhuri usio na wino, unaokandamizwa kwenye karatasi mpaka ukipitisha kidole unausikia. Walaghai waligundua kwamba ukiifunga diploma ndani ya plastiki, ile ngumu inayobandikwa kwa moto, hakuna kidole kitakachosikia kitu. Kijana mmoja aliingia hivyo. Alifika mwaka wa tatu, ameshavaa koti jeupe, ameshawashika matumbo akina mama wajawazito hospitalini, ndipo nilipopata shaka kwa sababu ya herufi moja iliyokaa vibaya. Nikaipasua plastiki pembeni kwa wembe, nikapitisha ukucha. Karatasi ilikuwa laini kama ya daftari. Alifukuzwa, na mimi nikapongezwa mbele ya maprofesa. Wakaniuliza tufanye nini jambo hilo lisirudi. Nikasema tusipokee plastiki. Wakasema, mama, andika.

Mwaka ninaousimulia, vita vilikuwa vimeshuka tena kutoka upande wa Rutshuru. Barabara ya kaskazini ilikatika, maharagwe yakapanda bei, na watu wakaja na magodoro kichwani mpaka wakajaa kwenye mawe ya volkano kule Kanyaruchinya, hema juu ya hema. Sisi wa mjini tulikuwa tumeshazoea, na nasema hivyo kwa aibu. Tuliwapita asubuhi tukienda kazini, tukawapita jioni tukirudi.

Mkuu wa fakulte yetu, daktari wa watoto, mtu mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, hakuwa amezoea. Alisema amechoka kuwafundisha watoto wa familia zile zile za mjini, huku hospitali za Rutshuru na Masisi zikiendeshwa na manesi peke yao. "Daktari wa mjini ukimtuma Vitshumbi," alisema, "anarudi na gari lile lile lililompeleka." Akaenda redioni mwenyewe, akatangaza kwamba vijana waliokimbia vita wajiandikishe bila kulipa ada ya fomu, na kwamba wakifaulu mtihani wetu wa kuingia watapokelewa sawa na wengine wote. Nilimpenda siku ile. Niliona kwamba hatimaye tunafanya kazi ya maana.

Waliokuja kutoka kambini hawakuwa wengi. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, wa familia ya Kinyarwanda ya upande wa Rutshuru, amevaa sweta ya mwanamume iliyokunjwa mikono mara tatu. Fomu yetu inauliza kijiji, groupement, cheferi, teritwari, kila kitu mpaka babu yako, na huko Kivu mtu akijaza sehemu ile kalamu huwa inasitasita, kwa sababu kuna watu ambao jibu lao limewahi kuwagharimu. Yeye aliandika bila kusita, kisha akapuliza wino ukauke. Penye anwani ya sasa akaandika "hema", halafu namba.

Alikuwa na fotokopi ya diploma tu. Nikamuuliza ile halisi iko wapi.

"Iko kwa papa," akasema. "Karatasi zetu zote yeye njo anazichunga. Ataileta."

"Unaweza kufanya mtihani na fotokopi," nikamwambia. "Lakini kabla ya maprofesa kukaa kuchagua, niwe nimeshika ile yenyewe. Unasikia? Mwisho ni siku ya tano ya juma lile watakalokaa, saa sita."

Akasema amesikia. Alipotoka alisimama mbele ya ubao wa matangazo kwa muda. Niliona mgongo wake, sikuona uso. Baadaye, siku alipokaa kwenye benchi na baba yake, ndipo aliponiambia alikuwa anasoma nini, na kwamba alikwenda nyumbani akanyamaza kwa sababu aliogopa kumvunja baba yake moyo.

Mtihani aliufanya. Maksi zilipotoka, mimi ndiye niliyezinakili kwenye daftari kubwa, na nilipofika kwenye jina lake nilirudia kusoma mara mbili. Alikuwa wa pili kati ya wote, mbele ya watoto waliosomeshwa na walimu wa nyumbani, mbele ya watoto wa vijibarua vyote vilivyokuwa kwenye droo yangu. Nilicheka peke yangu ofisini. Karani hapaswi kuwa na upande, lakini siku ile nilikuwa nao.

Baba yake alikuja siku ya pili ya juma asubuhi. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi. Mbele yake nilikuwa nimeshawarudisha watu wanne, mmoja wao amenitukana, na mwingine alikuwa amenipa simu nizungumze na shangazi yake aliyeko wizarani. Niseme pia kwamba kichwa kilikuwa kinaniuma, ingawa kichwa kikiuma si kisingizio.

Alikuwa mkulima, mtu mrefu aliyekonda, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alivifungua kimoja kimoja akatoa kifurushi kutoka kifuani. Kilikuwa kimefungwa kwa mfuko, na ndani ya mfuko kitambaa, na ndani ya kitambaa ukoo wao mzima: kadi za ubatizo, kadi za kura, karatasi ya shamba, kila moja ndani ya plastiki yake ngumu, safi, pembe zimekatwa mviringo. Akaichagua diploma akaisukuma kwenye tundu la dirisha kwa mikono miwili.

"Papa," nikasema, "hamukuona tangazo? Hatupokee plastiki."

"Niliiona, mama. Lakini hii ni ya kweli. Nilitia plastiki juu ya mvua." Akaanza kunieleza. Walipokimbia mara ya kwanza, miaka ya nyuma, mtoto wake mkubwa alikuwa na diploma. Mvua iliwanyeshea siku mbili njiani. Walipofika, diploma ilikuwa imekuwa uji. Kijana yule hakupata nyingine, na leo anabeba mizigo kule Kalengera. "Sasa hii ya mudogo wake ilipofika tu, siku ile ile, nikaenda kuitia plastiki. Nikasema, hii ya mara hii haitaoza."

Alieleza vizuri, polepole, kama anayezungumza na mtu anayesikiliza. Mimi nilikuwa natazama foleni nyuma yake. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba wengine wana kazi za kwenda kufanya. Nikairudisha ile plastiki kwenye tundu bila kuigeuza, bila kuisoma.

"Mutoe ile plastiki, njo murudi," nikasema.

"Nikiitoa, mutaipokea?"

"Bila plastiki, nitaipokea."

"Inatokaka namna gani, mama?"

"Muulize wenye walitia."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Nimeyasema kichwani mwangu mara nyingi sana tangu siku ile, nikitafuta mahali ningeweza kunyamaza, au kusema ngoja, usiiguse, nipe kwanza nikuitie mkuu. Mahali hapo ni pengi. Palihitaji dakika moja tu, na sikuitoa.

Alikwenda Birere, kwenye vibanda vya fotokopi, akauliza wanaotia plastiki. Wakamwambia kilichoingia kwa moto kitatoka kwa moto: apashe pasi, apitishe juu, kisha avute taratibu. Kule kambini kulikuwa na fundi cherehani mwenye pasi ya mkaa. Baba yule akaiazima, akaipasha, akavuta taratibu, kama alivyoambiwa.

Siku ya nne walirudi wote wawili. Baba alikuwa mbele, na alikuwa na uso wa mtu aliyetimiza alichoagizwa. Msichana alisimama nyuma yake akitazama sakafu.

"Mama, plastiki imetoka," akasema. Akaweka vitu viwili kwenye tundu la dirisha.

Cha kwanza kilikuwa karatasi. Pambo la pembeni lilikuwepo, maandishi ya juu yaliyochapwa kiwandani yalikuwepo. Nikapitisha ukucha chini, mkono wa kulia, nikausikia muhuri, mkali kabisa. Lakini pale katikati, penye jina, penye shule, penye asilimia, palikuwa peupe. Cha pili kilikuwa plastiki ya juu, imejikunja kidogo kwa joto. Jina lilikuwa huko. Wino wa mashine ulikuwa umeyeyuka siku ya kwanza ilipotiwa, ukashikamana na plastiki, na ilipovutwa ukaifuata. Shule ilikuwa huko, na asilimia, na tarehe ya kuzaliwa, yote yakisomeka vizuri ukiishikilia kwenye mwanga.

"Zote mbili ziko," baba akasema. "Hakuna kitu kilipotea."

Niliichukua plastiki nikaiweka juu ya karatasi. Kila herufi ilirudi kwenye mstari wake. Miaka yote ile ya kupapasa mihuri sikuwahi kushika diploma ambayo nilikuwa na hakika nayo zaidi. Nikaifunika, nikaifunua, nikaifunika tena. Nilitamani foleni yote iondoke.

Nikafunga dirisha, nikawaambia wakae kwenye benchi, nikaenda kwa mkuu wa fakulte. Alivaa miwani, akafanya kama nilivyofanya mimi: akafunika, akafunua, akapitisha kidole. Akavua miwani.

"Ni ya kweli," akasema.

"Ni ya kweli, Dokta. Na ni yule wa pili kwenye mtihani. Na fotokopi iko ndani ya dosie, inalingana."

"Kughushi fotokopi ndiyo kazi yenyewe ya Birere, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo." Hakusema kwa ukali. "Nikipokea karatasi isiyo na jina, mwaka kesho kanali ataniletea karatasi kumi zisizo na jina, na kila moja ina plastiki yake. Nitamkatalia kwa lipi? Nitamwambia ile nyingine niliikubali kwa sababu nilimhurumia?"

Hilo lilikuwa neno langu. Alinirudishia mwenyewe, kwa upole.

"Tupate barua ya inspeksheni ya shule kwamba alifaulu," akasema. "Hata barua tu. Nitaipigania kwa maprofesa."

Siku ile nilifanya kila nililoweza, na halikuwa kubwa. Mkuu wa shule yake nilimpigia, simu imefungwa. Nilipanda pikipiki mpaka inspeksheni, nikamkuta inspekta wa upande wao, naye mkimbizi, amekalia kiti cha kuazima kwenye korido ya ofisi ya wenzake. Alinisikiliza vizuri. Akasema madaftari yote yalibaki Rutshuru, na wenye kushika Rutshuru sasa hatujui wameyafanyia nini. Labda yamewasha moto wa jikoni. Orodha nyingine iko Kinshasa, na barua ya Kinshasa inaweza kuchukua miezi. "Mimi namukumbuka ule mutoto," akasema. "Lakini kukumbuka si dokima, si karatasi." Hakuwa na muhuri wala karatasi yenye kichwa cha ofisi. Hata kalamu alikuwa ameazima.

Nikarudi nikakaa kwenye meza yangu, nikaandika tamko kwa mwandiko wangu ninaojivunia. Niliandika kwamba mimi, karani wa usajili, nathibitisha kwamba siku ya pili ya juma nililetewa diploma hiyo nzima, ndani ya plastiki, ikiwa na jina na asilimia. Nikampelekea mkuu. Aliisoma mpaka mwisho kisha akaniangalia.

"Uliliona jina?"

Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, na angeniamini. Lakini mimi ni mtu aliyemfukuzisha kijana kwa ajili ya herufi moja, na uongo ulikataa kutoka.

"Niliona plastiki, Dokta," nikasema. "Sikusoma."

Akaikunja ile karatasi akanirudishia. Sikumchukia. Ningependa kuwa na mtu wa kumchukia katika mambo haya, ingenisaidia, lakini kila nikimtafuta namkuta karani wa dirishani.

Siku ya tano maprofesa walikaa. Mimi huwa nakaa pembeni na kuandika. Walisifu maksi zake, mmoja akasema ni hasara, mwingine akasema labda mwaka ujao, na mkuu akaongea kwa muda, zaidi ya alivyoongea kwa mtahiniwa mwingine yeyote. Kisha wakaniuliza kama dosie imekamilika. Walikuwa wananiuliza mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu kujibu swali hilo. Nikasema haijakamilika. Nikachora mstari juu ya jina lake kwa rula, na nafasi yake ikashuka kwa aliyefuata.

Orodha niliibandika mwenyewe, pale pale kwenye ubao, karibu na tangazo langu. Vijana wakasukumana. Yeye alingoja mpaka wengi wakaondoka, akasoma kuanzia juu mpaka chini, kisha kuanzia chini mpaka juu. Hakulia. Alivuta mikono ya ile sweta mpaka ikafunika vidole, akaenda kusimama kwenye ngazi.

Baba yake alikuja dirishani. Hakukuwa na foleni tena, na nilikuwa na muda wote duniani wa kumtazama.

"Mama," akasema, "nilikosea wapi?"

Aliuliza kwa kutaka kujua. Alikuwa anataka nimwonyeshe mahali, ili siku nyingine, kwa mtoto mwingine, asirudie. Mara ya kwanza hakutia plastiki, mvua ikala. Mara ya pili alitia, na plastiki ikala.

"Hamukukosea, papa."

Alitikisa kichwa. Nadhani hakuniamini. Nikamrudishia karatasi na plastiki, akazisukuma zikarudi upande wangu.

"Mubaki nazo," akasema. "Kwetu kule hema inavuja. Hapa kwenu ni pakavu. Pengine mutapata njia."

"Nitatafuta njia," nikasema. Nilizipokea. Nilifurahi hata kuzipokea, Mungu anisamehe, kwa sababu nilidhani kuzipokea ni kufanya kitu.

Juma lililofuata alikuja mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Butembo, amejifunga kitenge kipya, na nyuma yake mtu amebeba nusu gunia la viazi. Mtoto wake ndiye aliyekuwa amefuata kwenye orodha. Alisimama dirishani kwangu akasema kwa Kinande, kwa sauti ya furaha ambayo korido nzima iliisikia, "Wasingya, dada, wasingya." Alinishukuru kwa lugha ya mama yangu kwa jambo ambalo sikulifanya. Mtoto wake alikuwa na maksi nzuri na dosie safi, na hakuleta kijibarua. Lakini niliwaona watu waliokuwa kwenye benchi wakitazamana, na nilijua wanachokiona, kwa sababu ndicho ambacho mtu wa Kivu yeyote angekiona: Munande amemtoa mtoto wa Kinyarwanda, amemwingiza wa kwao, na hivi ndivyo viazi. Ningewaambia nini? Kwamba nilimtaka yule wa kwanza kuliko mtu yeyote? Nilipokea viazi, maana kumkatalia mama yule mbele za watu kungekuwa matusi. Vilikuwa vizuri. Sikumaliza sahani.

Nilipanga kuandika Kinshasa. Niliandika, kweli, barua mbili, na sikujibiwa. Nilipanga kwenda kambini kumwambia yule msichana kwamba bado naandika. Nikaahirisha, kwa sababu kwenda na mikono mitupu kuliniwia vigumu. Halafu vita viliingia mjini penyewe. Tulilala chini siku tatu, mimi na watoto wangu, kati ya kabati na ukuta, risasi zikipita juu ya bati. Tulipotoka, kambi zilikuwa zinavunjwa. Watu wote waliambiwa warudi walikotoka.

Ndipo nilipokwenda. Kule Kanyaruchinya palikuwa pamebaki mawe, na kwenye mawe alama nyeupe za majivu penye mafiga. Nilitembea na ile namba ya hema kwenye kijikaratasi, nikiwauliza wanawake waliokuwa wanakusanya vijiti vya hema kwa ajili ya kuni. Mmoja alimkumbuka papa mrefu wa koti. Alisema wamepanda lori la kwenda Rutshuru. Mwenzake akasema hapana, hao walivuka kwenda Uganda. Namba ya simu iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa ya jirani, nayo haiiti.

Nilikuwa njiani narudi, kwa miguu, ndipo jambo lenyewe liliponijia wazi. Popote alipo, Rutshuru au Uganda, akitaka kuingia shule yoyote ataulizwa diploma. Na diploma ninayo mimi. Kipande chenye muhuri na kipande chenye jina, vyote viwili viko kwangu, ndani ya bahasha, chini ya nguo zangu za kanisani, mahali pakavu.

Huwa naitoa kila baada ya muda. Mara ya mwisho nilipoifungua niliona vumbi jeusi chini ya bahasha. Wino ulikuwa umeanza kubanduka kwenye plastiki. Herufi mbili za jina lake zilikuwa zimekatika katikati, na asilimia ilikuwa inafutika. Nilikaa kitandani nikiwa nimeishikilia kwa ncha za vidole, naogopa hata kupumua. Nilifikiri kila njia ya kulishika jina lile lisianguke, na kulikuwa na moja tu.

Nikaenda Birere. Kibanda kilikuwa na foleni. Watu walikuwa wanatia plastiki karatasi zao zote, kama ilivyo kila vita vikipita. Zamu yangu ilipofika, niliweka karatasi kwenye meza ya mashine, nikaweka plastiki juu yake, nikavisogeza kwa ukucha mpaka kila mstari ukakaa mahali pake.

Mwenye mashine aliangalia, akazuia mkono wake.

"Mama, hii ni diploma," akasema. "Diploma hatutie tena. Kuna fakulte moja ya udaktari hapa inazikatala. Ilibandika tangazo."

"Ninajua," nikasema. "Tia."